Ukitaka kuzungumza kupitia setilaiti ukiwa Dodoma, anza na masikio

Vijana wanaojifunza redio za ridhaa, yaani mawasiliano ya redio kwa kujifurahisha na si kwa biashara, hapa Dodoma huniuliza swali lilelile: ninunue redio ya wati ngapi ili sauti yangu ifike kwenye setilaiti? Redio koli, ile ya kushika mkononi, ya wati 5 inatosha. Setilaiti ikipita karibu na utosi iko kilomita mia kadhaa tu kutoka ulipo, na katikati hakuna mlima wala ghorofa. Wengi hukwama kwenye kusikia.

Chukua SO-50, setilaiti ya redio za ridhaa iliyorushwa Desemba 2002. Ni ripita inayotembea angani: hupokea sauti yako kwenye 145.850 MHz ikiwa na toni ya 67 Hz (mlio wa chini ambao redio yako huuambatanisha na sauti ili ripita ikupokee), na papo hapo huitoa kwenye 436.795 MHz. Chaneli ni hiyo moja kwa watu wote. Na kwa kuwa ni FM, wakibonyeza wawili kwa pamoja, mwenye mawimbi yenye nguvu humfunika mwenzake, au vyote hugeuka mkwaruzo. Asiyeisikia setilaiti huita na kuita akidhani kuko kimya, kumbe anawakatiza wengine katikati ya maneno. Hilo linaniuma, maana mpito mzima ni dakika kumi na kitu, na kuna mtu ameusubiri.

Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwenye antena. Ile fupi ya mpira inayokuja na redio iache. Tengeneza Yagi ya mkononi, antena ya fimbo kadhaa zilizopangwa kwenye boriti moja na kuelekezwa upande mmoja: boriti iwe bomba la plastiki, na fimbo zake uombe mabaki kwa mafundi wa madirisha ya aluminiamu. Kwa 436 MHz nusu ya wimbi ni kama sentimita 34, hivyo antena nzima inabebeka kwa mkono mmoja. Mkono huo ndio wenye kazi. Setilaiti hujizungusha, na mlalo wa mawimbi yake (kama yamesimama wima au yamelala) hubadilika nayo. Sauti ikififia ghafla, usikimbilie kuelekeza antena kwingine; izungushe kwanza kwenye kiganja, robo mzunguko, usikilize. Mara nyingi sauti hurudi palepale. Hakuna mazoezi ninayoyasisitiza kama haya.

Masafa ya kushukia, yale ambayo setilaiti hukurushia sauti, nayo hayatulii. Setilaiti inapokuja kwako husikika karibu kHz 10 juu zaidi, na inapokwenda zake hushuka kwa kiasi hichohicho. Hifadhi chaneli tano, kuanzia 436.805 kushuka hadi 436.785 kwa hatua za kHz 5, uzifuate kwa mpangilio huo. Fungua kabisa skwelchi, kile kizuizi kinachonyamazisha redio mawimbi yakiwa hafifu, uvumilie mvumo. Masafa ya kupandia, yale unayorushia wewe, yaache yalivyo, mabadiliko yake ni madogo.

Kama mvumo haukatiki kabisa, huenda kipima muda cha SO-50, kinachoizima ripita baada ya dakika 10, kimekwisha. Hifadhi chaneli ya ziada yenye toni ya 74.4 Hz, bonyeza kama sekunde mbili, kisha rudi kwenye 67.

Tumia redio mbili, moja ya kusema na nyingine ya kusikiliza kwa spika za masikioni. Redio koli nyingi za bei nafuu hazipokei huku zinarusha, na ni lazima usikie sauti yako ikirudi kutoka juu wakati uleule unaposema. Usipoisikia, achia kitufe.

Kwa mahali, Dodoma tumebarikiwa uwanda. Vilima vya Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) au barabara ya kuelekea Bahi hukupa upeo mpana. Upepo wetu mnaujua, upe mgongo ili usiingie kwenye maiki. Setilaiti ikiwa juu ya Zambia, wewe na mtu wa Johannesburg mnaiona kwa pamoja, ingawa mmeachana zaidi ya kilomita 2,000.

Kwa kuzoeza masikio, kituo cha kimataifa cha anga, ISS, ni rahisi zaidi: ripita yake hushukia 437.800 MHz. Huzimwa wanaanga wanapotoka nje au chombo kinapotia nanga, kwa hiyo ukimya wa siku moja usikukatishe tamaa.

Kurusha kunahitaji leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na herufi zako za mwito zitaanza na 5H. Ukiipata, subiri pengo, taja herufi zako na mraba wa Dodoma mjini kwenye ramani ya wanaredio, KI73, ili wajue uliko. Ukijibiwa, thibitisha kwa maneno machache, umwachie mwingine.