Mwanangu Diwani, Kuhusu Kiwanda cha Alizeti

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kwamba swali la kwanza uliloniletea tangu ule kiapo cha udiwani linahusu maslahi ya watu wa kata yako. Unasema mwekezaji anataka kujenga kiwanda cha kukamua alizeti, naye anaomba apewe ekari hamsini bure na asamehewe ushuru wa huduma kwa miaka kumi. Unataka kujua kama uunge mkono ombi hilo katika Baraza la Madiwani au ulipinge. Kwa kuwa nimefanya kazi ya uhasibu wa halmashauri hadi kustaafu, nitaanza na hesabu.

Ushuru wa huduma hauzidi asilimia 0.3 ya mauzo ya mwaka, baada ya kuondoa VAT na ushuru wa bidhaa. Kiwanda kinachouza bidhaa za shilingi bilioni 2 kwa mwaka hakitalipa zaidi ya milioni 6, yaani milioni 60 kwa miaka yote kumi. Mwenye mauzo ya kiasi hicho hachagui mahali pa kujenga kwa sababu ya milioni 6. Kwenu, hata hivyo, fedha hizo zina uzito mwingine: mwaka 2021, Serikali ilipojenga madarasa kwa fedha za kupambana na UVIKO-19 (korona), kila darasa lilitengewa milioni 20, kwa hiyo msamaha huo unaweza kufikia madarasa matatu ya wakati ule. Kumbuka pia kwamba asilimia 10 ya mapato ya ndani ndiyo inayokopeshwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kila shilingi mnayoisamehe inapunguza mfuko huo. Kuhusu kodi ya mapato na VAT, hizo haziko mikononi mwenu. Akitaka nafuu za aina hiyo mwelekezeni TISEZA, mamlaka ya uwekezaji na maeneo maalumu ya kiuchumi iliyoundwa mwaka 2025 kwa kuunganisha TIC (kituo cha uwekezaji) na EPZA (mamlaka ya maeneo ya uzalishaji kwa ajili ya mauzo ya nje).

Tazama sasa kinachoviumiza viwanda vya alizeti hapa Dodoma na kwa majirani zetu wa Singida. Mashine nyingi husimama kwa miezi kadhaa kila mwaka kwa sababu alizeti imekwisha, na hakuna msamaha wa ushuru unaoweza kujaza ghala tupu. Kama halmashauri yenu inataka kweli kumvuta mwenye kiwanda, itenge fedha ili mbegu bora iwafikie wakulima kabla ya mvua za Desemba, afisa ugani apate mafuta ya pikipiki, na barabara ya kutoka mashambani ipitike hata masika. Mwekezaji apate umeme wa njia tatu, maji, na kiwanja kilichopimwa kisicho na mgogoro, na kibali chake cha ujenzi kisikae mezani miezi sita. Hayo ndiyo ningempa kwa mikono miwili, kwa sababu hata yeye akiondoka, barabara na mbegu vitabaki kwa wananchi.

Suala la ardhi ndilo linaloninyima usingizi. Nilipokuwa kazini, halmashauri moja, ambayo sitaitaja, ilimpa mtu eneo lililokuwa mashamba ya mtama na karanga. Fidia ilichelewa, na wazee walikuja ofisini kwetu asubuhi baada ya asubuhi wakiwa wameshika karatasi za uthamini zilizochakaa kwa kukunjwa. Nilipita pale miaka minne baadaye. Palikuwa na uzio wa waya, geti lenye kufuli lenye kutu, mbigili zilizofika kiunoni, na mlinzi mmoja aliyekaa chini ya mbuyu. Ajira iliyopatikana ilikuwa hiyo moja.

Hata nchi tajiri hupatwa na haya. Mwaka 2017 jimbo la Wisconsin, Marekani, liliiahidi Foxconn, kampuni ya Taiwan inayotengeneza vifaa vya elektroniki, nafuu za takriban dola bilioni 3 ili iajiri watu 13,000. Kiwanda kilichoahidiwa hakikuja, na mwaka 2021 mkataba ukapunguzwa hadi dola milioni 80 kwa ajira 1,454. Sehemu kubwa ya fedha za jimbo ilinusurika kwa sababu ilifungwa kwenye ajira: kampuni isipoajiri, hailipwi. Lakini kijiji cha Mount Pleasant kilikuwa kimekwisha kununua ardhi na kuijengea miundombinu, na kubadilika kwa ahadi hakukuzirudisha gharama hizo.

Kwa hiyo usilipinge ombi lote, wala usilipitishe kama lilivyoandikwa. Ekari hamsini ni nyingi mno kwa mashine za kukamua. Aanze na kumi, kwa upangaji, na mkataba useme wazi kwamba asipojenga ndani ya miezi 24 ardhi inarudi kwa halmashauri. Fidia ilipwe kabla trekta halijaingia shambani. Akihitaji nafuu yoyote, aipate mwishoni mwa mwaka, baada ya kuonyesha orodha ya wafanyakazi na stakabadhi za alizeti aliyonunua kwa wakulima wa kata zenu.

Mwombe Mkurugenzi nakala ya rasimu ya mkataba kabla ya kikao, nawe usikubali kuisomea kikaoni. Ukiipata, nitumie, tuipitie kifungu kwa kifungu.

Mama yako anakusalimu.

Baba yako