Kutafuta jina katika maelfu ya faili za tenzi
Ndugu, si lazima upakie faili zote kwenye kumbukumbu ya kompyuta ndipo utafute palipotajwa jina kama Pate au Siyu, miji ya kale ya visiwa vya Lamu. Pitia makabrasha kwa os.walk, amri ya lugha ya programu ya Python, ambayo tangu toleo la 3.5 la mwaka 2015 hutumia os.scandir, amri nyingine ya kuorodhesha faili, na kupunguza sana maswali kwa mfumo kuhusu kila faili, kisha fungua faili moja moja kwa utf-8 (namna ya kuhifadhi herufi) na uisome mstari kwa mstari, ukiiacha mara tu jina linapopatikana. Ripgrep, programu ya kutafuta maneno ndani ya faili, ni ya kasi zaidi, ila kwa kawaida huruka faili zilizofichwa na zilizotajwa kwenye .gitignore (orodha ya faili za kupuuzwa), hata mtu akadhani neno halimo.

Kwa tenzi zilizochapwa kwa herufi za Kiarabu, kama miswada yenyewe ya hapa Lamu, kasi si tatizo kubwa: ye ya Kiarabu (U+064A katika Unicode, mfumo wa namba za herufi) na ya Kiajemi (U+06CC) hufanana kabisa katikati ya neno, lakini kwa kompyuta ni herufi mbili, na usawazishaji wa kawaida wa Unicode hauziunganishi, kwa hiyo zibadilishe wewe mwenyewe ziwe moja kabla ya kutafuta.