Nundu ngumu kwenye mtulinga wa mtoto
Unauliza kama mtulinga (mfupa wa mbele kati ya shingo na bega) wa mwanao wa miaka 6, uliovunjika alipoanguka, umeunga vibaya kwa kuwa una nundu ngumu. Hapana, haujaunga vibaya. Hiyo nundu unayoipapasa wiki ya 5 baada ya mwanao kuanguka ndiyo mfupa mpya wenyewe. Palipovunjika damu huganda kwanza, wiki ya 2 au ya 3 pameshajaa gegedu laini (kama lile la sikioni), kisha madini ya chokaa yanaingia na pakawa mfupa. Mwili hurundika zaidi ya unachohitaji, na mtulinga uko chini ya ngozi tu, hauna nyama ya kuuficha. Paja likiunga nundu ipo vilevile, ila huioni.

Kwa umri wa miaka 6 itajichonga taratibu, mara nyingi ndani ya miezi 6 hadi mwaka. Mtu mzima anaweza kubaki nayo.

Msiichue wala kuikanda kwa maji moto (najua bibi atashauri): haipungui kwa kukandwa, na mfupa mchanga huweza kuachia. Mpira asubiri kwanza. Ila maumivu yakizidi badala ya kupungua, ngozi ikiwa nyekundu na ya moto, au mfupa ukicheza ukiubonyeza, arudishwe apigwe eksirei.