Una simbilisi wawili walioshibana? Soma hii kabla hujawaletea wageni

Mi nafuga simbilisi (guinea pig) hapa Mafinga, na sio wa kula. Najua wengi wetu huku nyanda za juu tumekua tukiwaona wanakimbiakimbia jikoni kwa bibi, mgeni akija, simbilisi mmoja anaingia sufuriani, sina ugomvi na hilo kabisa, ila wangu wana majina. Pili na Zafarani, majike wote, wapo pamoja tangu wana wiki tano, wanalala wamebanana mpaka huoni kichwa cha nani kipo wapi, na ukimtoa mmoja umsafishe kucha mwingine anapiga mluzi mpaka umrudishe.

Sasa Zafarani amefika miaka minne. Nikaanza kuwaza, huyu akitangulia Pili atabaki na nani? Maana simbilisi sio mnyama wa kuishi peke yake, anazubaa, wengine wanagoma hata kula. Uswisi wameweka mpaka sheria, tangu 2008 hairuhusiwi kumfuga mmoja peke yake. Nikaona niwaongezee wenzao mapema, na hapo ndo nilipoharibu.

Nilinunua jike mdogo gulioni, watoto wakampa jina Kunde, tumefika nyumbani jioni nikamtia moja kwa moja kwenye banda la wale wawili nikijua watazoeana usiku. Usiku nasikia meno yanagongana, ta-ta-ta-ta, nikasema watanyamaza. Asubuhi mwanangu ananiita, "Mama, Kunde ana damu!" Nimemkuta kajibana kwenye kona, sikio limechanika, majani hajagusa. Na haikuishia hapo, baada ya siku kama kumi wote watatu wanajikuna na manyoya yanatoka mgongoni, kumbe Kunde alikuja na utitiri. Daktari wa mifugo akawachoma sindano, na nyingine baada ya wiki mbili. Wale wakubwa hawakuwa na shida yoyote, mi ndo nimewaletea.

Kwa hiyo nikaanza upya, safari hii kwa utaratibu. Kunde nikamhamishia kwenye boksi lake na nikamtafutia mwenzake mdogo, Karanga. Karanga naye kabla hajamsogelea yeyote alikaa karantini wiki tatu chumba kingine, nawahudumia wa zamani kwanza, mgeni mwisho, nanawa mikono na sabuni. Kila wiki nampima kwa mzani wa jikoni, maana simbilisi anaficha ugonjwa, utamwona anatembea vizuri tu kumbe uzito unashuka. Halafu hakikisha jinsia, tafadhali, usimwamini muuzaji. Mdogo ni rahisi kukosea, nenda kwa daktari akuangalizie. Dume wa wiki tatu tu tayari anaweza kumpa mimba mama yake mzazi, na jike aliyekuwa amechanganywa na madume anaweza kuja kwako na mimba tayari, wanabeba siku 59 mpaka 72, kwa hiyo usishangae. Mi nashauri kuleta wageni wawili badala ya mmoja, walau mgeni anakuwa na pa kujificha ubavuni kwa mwenzie.

Karantini ikaisha, nikawaweka Kunde na Karanga pamoja, wadogo hawana makuu, nusu saa washalala. Halafu nikaliweka boksi lao jirani na banda la wakubwa, katikati wavu wa kuku, wiki nzima wanasikiana na kunusana bila kufikiana.

Siku yenyewe nilichagua Jumamosi ili nisiwe na pa kwenda. Na hapa ndo kiini cha yote ninayoandika: wasikutane kwenye banda la wenyeji. Kule ni kwao, kuna harufu yao kila kona, mgeni akiingia ni mvamizi. Mi niliwakutanisha barazani, sehemu ambayo hakuna aliyewahi kukojoa, nikazungushia mbao, katikati lundo kubwa la majani mabichi na vipande vya hoho (hoho wanaipenda na ina vitamini C, ambayo miili yao haitengenezi). Nyumba za kujificha sikuweka siku hiyo, maana mmoja akijifungia ndani mwingine anamziba mlangoni na vita inaanza.

Pili ndo alianza. Alimwendea Kunde taratibu, ananguruma kama simu iliyowekwa vaibresheni juu ya meza, makalio yanayumba kushoto kulia. Kunde akainua kidevu, Pili naye akainua chake juu zaidi, wamesimama hivyo pua kwa pua, mi nimeshika taulo moyo unanidunda. Halafu Kunde akashusha kichwa. Basi, ikawa imeisha, Pili akageuka akaenda kula.

Kunguruma, kufukuzana, kupandana hata majike kwa majike, kung'oana manyoya kidogo, yote hayo ni kupangana nani mkubwa, waache. Ukiwatenganisha kila wakipiga kelele kesho wanaanza moja. Ila ukiona wamesimama wote wawili wanagonga meno na manyoya ya shingo yamesimama, kaa tayari, na wakishikana wakawa kama mpira, au damu ikatoka, hapo tenganisha kwa taulo nene, usiingize mkono mtupu, watakung'ata wala hawatajua ni wewe.

Walikaa barazani masaa matatu, mpaka wote wanne wanakula lundo moja na Karanga kalala. Wakati huo mwanangu analisugua banda kwa maji na siki, maranda yote yakatupwa yakawekwa mapya. Huku kwetu maranda ya paini ni bwerere, ila yaanike kwanza mpaka harufu ile kali iishe, inawaumiza mapafu. Banda letu ni mita mbili kwa moja, chupa za maji mbili, majani sehemu mbili, na kila nyumba ina milango miwili ili anayefukuzwa apate pa kutokea. Fujo ndogondogo ziliendelea kama wiki mbili hivi.

Kama wako wawili ni madume wanaoelewana, mi nakusihi waache hivyo hivyo. Dume wa tatu mara nyingi anavunja urafiki, na ukiwatilia jike ndo kabisa, watauana. Dume aliyehasiwa akikaa pamoja na majike wawili watatu, hiyo inakaa vizuri sana, ila msubirishe wiki sita baada ya kuhasiwa ndo umchanganye.

Na usitegemee wageni waingie katikati ya wale walioshibana. Pili na Zafarani bado wanalala wawili, wadogo wana kona yao, wanakutana kwenye chakula tu na hakuna anayemgusa mwenzie. Jana nimewapima, Kunde amefika gramu 870, Zafarani ameshuka gramu 40, kwa hiyo wiki hii nampima kila siku na hoho yake nampa mkononi.