Tazameni x = 0 kwanza: kwa wanaoanza transfomu ya saini

Wadogo zangu wa fizikia hapa Unguja na Pemba, kosa ni lile lile la waliokutangulieni, na linaudhi kwa sababu uwezo mnao. Transfomu ya saini ni kuizidisha f(x) kwa sin(ωx) na kuifanyia intego kutoka x = 0 hadi ukomo, upate F(ω); ya kosaini hutumia cos(ωx). Intego mnazijua. Lakini mnakimbilia jedwali la transfomu kabla ya kusoma swali linasema nini pale x = 0.

1. Mkipewa thamani ya mpakani, yaani u(0,t), joto la pale x = 0 wakati t, tumieni saini. Mkipewa mtiririko wa joto, yaani kinyambuo pale mpakani, tumieni kosaini.

2. Msiliache neno la mpaka, yaani lile lenye f(0). Transfomu ya saini ya kinyambuo cha pili si −ω²F peke yake. Ni ωf(0) − ω²F. Fanyeni intego kwa sehemu mara mbili, kazi mliyoizoea tangu skuli: mara ya kwanza neno la mpaka linakufa kwa kuwa sin 0 ni sifuri, mara ya pili linabaki kwa kuwa cos 0 ni 1. Anayekariri hulisahau, anayeandika mistari hiyo miwili halimpotei.

Chukueni ukuta mnene wa mawe wa Mji Mkongwe. Mwanzo una joto moja kote, kisha uso wake unapandishwa ghafla kwa u₀ na kubaki hapo. Ukuta tuuhesabu kama hauna mwisho upande wa ndani. Hesabuni u kama joto lililozidi lile la mwanzo, U iwe transfomu yake ya saini, na k kipimo cha wepesi wa joto kusambaa ndani ya jiwe. Mlinganyo wa joto, ∂u/∂t = k ∂²u/∂x², unageuka dU/dt + kω²U = kωu₀. Ukilitupa neno la mpaka, upande wa kulia unakuwa sifuri, U ilianza na sifuri, basi jibu ni sifuri milele: jua linauchoma ukuta, na ukuta hauna habari! Na bado mtu hulipigia jibu hilo mistari miwili akakabidhi karatasi.

Jibu sahihi ni U = (u₀/ω)(1 − e^(−kω²t)), na ukirudi kutoka U hadi u unapata u = u₀ erfc(x/(2√(kt))), ambapo erfc ni kitendakazi kinachoanza na 1 pale sifuri na kushuka kuelekea 0. Tieni k = 10⁻⁶ m²/s, kadiri inayofaa mawe mengi. Baada ya saa moja, kwenye kina cha sentimita 12, x/(2√(kt)) ni 1, na erfc(1) ni karibu 0.16. Yaani asilimia 16 ya joto lililoongezwa usoni imeshafika.

Hapo hapo pana mtego mwingine. Mkitaka kuhakiki mpaka, msitie x = 0 ndani ya intego ya kurudi: sin 0 itafuta kila kitu na mtadhani mmekosea. Intego ya sin(ωx)/ω kutoka 0 hadi ukomo ni π/2 kwa kila x iliyo juu ya sifuri, hata iwe ndogo vipi. Isogezeni x kuelekea sifuri baada ya intego, na u₀ itatokea.

3. Vitabu vingine huiweka 2/π yote kwenye kurudi, vingine hugawa √(2/π) kila upande. Chagueni mtindo mmoja, muuandike juu ya ukurasa.

4. Kwenye kompyuta, scipy.fft.dst, transfomu ya saini ya Python, usipoiambia kitu hufanya aina ya 2. Gridi yenye sifuri kwenye ncha zote mbili inataka type=1, na ncha zenyewe hazitiwi. Ncha zikiwa si sifuri, toeni kwanza mstari ulionyooka unaoziunganisha, muurudishe mwisho.

5. Wa eksirei, hili lenu khasa. Umbali baina ya atomi katika vimiminika hutoka kwenye G(r) = (2/π)∫Q[S(Q) − 1] sin(Qr) dQ, ambapo S(Q) ni mtawanyiko wa eksirei mlioupima, Q hukua kadiri pembe ya mtawanyiko inavyokua, na vilele vya G(r) huonyesha umbali r. Lakini data hukatika kwenye Qmax, Q kubwa kabisa mliyoipima, ambayo haiwezi kupita 4π/λ, λ ikiwa urefu wa wimbi la eksirei. Mrija wa eksirei wa shaba, λ = 1.54 Å, hauvuki 8.2 Å⁻¹, wa molibdenamu, 0.71 Å, hufika karibu 17.7. Kukatika huko huzaa mawimbi ya uongo yenye urefu wa karibu 2π/Qmax, kwa shaba 0.77 Å, na mtu akiona kilele kidogo ubavuni mwa kikubwa hutangaza jirani mpya wa atomi. Punguzeni Qmax kidogo, mfanye transfomu tena. Kilele kinachohama kimeletwa na kukatika kwa data; kinachobaki palepale ndicho cha kupimia umbali.