Maumivu Yakiisha, Mfupa Bado: Maswali Kuhusu Mbwa Waliookolewa

SWALI: Daktari, habari za kazi? Nimepewa na kituo cha kuokoa wanyama mbwa jike wa kilo 14, nimlee kwa muda. Aligongwa na bodaboda. Eksirei ilionyesha nyonga imevunjika mahali pawili, ila kiungo cha paja ni kizima, hivyo daktari akasema upasuaji hauhitajiki, apumzike wiki 6 hadi 8. Sasa ni wiki ya tatu. Anatembea, jana aliruka juu ya kochi, na familia inayomtaka inauliza kila siku. Kuna haja gani ya kuendelea kumfungia? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Haja ipo, na wiki hii ndiyo ya hatari kuliko zote. Maumivu huisha kabla mfupa haujapona. Uvimbe wa nyama umeshuka, na pengo la mfupa limezibwa na gegedu linaloshikilia ncha zisichezecheze, ndiyo maana haumii tena. Gegedu hilo ni laini, halijageuka kuwa mfupa. Akiruka kutoka kwenye kochi, anaweza kuusogeza mfupa uliokuwa umeanza kushikana. Nyonga ikiungana vibaya, njia ya haja kubwa huweza kubanwa na mbwa akafunga choo maisha yake yote. Kwa jike kuna la ziada: akishika mimba, watoto wanaweza kukwama.

Kumfungia chumbani hakutoshi, maana chumba kina kochi na mlango wa kukimbilia kila mgeni anapobisha hodi. Tafuta kizimba chenye urefu wa sentimita 90 hivi na upana wa 60, kirefu kwenda juu kiasi cha yeye kusimama bila kuinamisha kichwa. Ageuke na kujinyoosha, asipate nafasi ya kuchupa. Chini weka godoro la sponji la sentimita 5 au zaidi, livalishe nailoni, kisha tandika blanketi. Njia ya kutoka kizimbani hadi nje itandikwe mpira au zulia lisiloteleza. Vigae na sakafu ya saruji iliyong'arishwa humpanua miguu ya nyuma, na hilo ndilo linaloharibu nyonga nyingi zilizokuwa zinapona vizuri. Mikeka ya plastiki nayo huteleza, usiitegemee.

Atoke mara 4 au 5 kwa siku kwenda haja tu, akiwa na kamba fupi. Kunja kanga mpaka iwe na upana wa kiganja, ipitishe chini ya tumbo mbele ya miguu ya nyuma, ushike ncha zote mbili juu ya mgongo. Kanga ipokee sehemu ya uzito tu. Nyayo zibaki zikikanyaga chini, la sivyo misuli itazidi kunyauka. Daktari wake akiridhika, anza matembezi ya dakika 5 mara tatu kwa siku, uongeze dakika 5 kila wiki. Tembea polepole sana. Mbwa akienda mwendo wa haraka huukunja mguu mbovu na kurukaruka kwa mitatu. Akienda taratibu hulazimika kuutumia.

Choo kiangalie kila siku. Akijikamua siku mbili bila kutoa kitu, mrudishe kwa daktari. Kukinga, changanya vijiko viwili vikubwa vya boga lililochemshwa na kupondwa katika kila mlo, na maji yasikauke bakulini. Mkojo hauna subira hiyo: asipokojoa kwa saa 12, au tumbo likijaa na akaanza kutapika, nenda siku hiyohiyo, maana ajali inayovunja nyonga huweza kupasua kibofu pia.

Chakula, kama si mwembamba, kipunguze kwa robo hivi, kwa kuwa hatembei na kila kilo ya ziada inaielemea nyonga. Supu ya mifupa si mbaya, lakini ile ya sufuria ya nyumbani ina vitunguu, na vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mpikie yake kando. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe kabisa.

Dawa za maumivu mpe zile alizoandikiwa, pamoja na chakula. Ibuprofen na diclofenac za binadamu humtoboa tumbo na kuua figo. Hata meloxicam, ambayo mbwa hupewa, ina mtego wake: dozi yake ya siku, baada ya ile ya kwanza, ni miligramu 0.1 kwa kilo, yaani 1.4 kwa huyu wako. Kidonge cha binadamu cha miligramu 7.5 ni zaidi ya mara tano ya kiasi hicho. Akitapika au akitoa choo cheusi, simamisha dawa na umpigie daktari.

SWALI: Shikamoo daktari. Tumeokota kibwa cha miezi minne, paja limevunjika. Jirani alimfunga vijiti na bendeji, ni siku ya nane sasa. Mguu umenyooka kama fimbo. Tumwache hivyo mpaka apone? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Hapana, mpelekeni kwa daktari leo. Ili mfupa utulie, lazima kiungo cha juu yake na cha chini yake vyote vizuiwe. Paja lina goti chini na nyonga juu, na nyonga haifungiki kwa vijiti. Matokeo yake bendeji huteremka, uzito wake unavuta mguu, na ncha zilizovunjika zinazidi kuchezacheza. Kibaya zaidi, msuli wa mbele ya paja hugandamana na mfupa unaoponea hapo, goti likakataa kukunjika. Kwa watoto jambo hili hutokea ndani ya wiki chache, na likishakomaa mara nyingi halirekebishiki; wengine huishia kukatwa mguu.

Paja kama hili kwa kawaida hutiwa chuma ndani. Baada ya upasuaji, ombeni mwonyeshwe namna ya kulikunja na kulinyoosha goti polepole, mara 10 hadi 15 kwa zamu, zamu 3 au 4 kwa siku. Akilia, punguzeni mkunjo, msiache zoezi. Mfupa wa mtoto huunga haraka kuliko wa mbwa mzima, kwa hiyo muda wa kuliokoa goti ni mfupi sana.

SWALI: Mbwa wetu amemaliza wiki 8 za kupumzika. Tumkabidhi lini kwa familia mpya? – Msomaji, Arusha

JIBU: Eksirei ya pili kwanza. Mwendo mzuri pekee si ushahidi. Picha hiyo mara nyingi hupigwa mbwa akiwa amelazwa kwa dawa, basi ulizeni kama anaweza kufungwa kizazi siku hiyohiyo. Chanjo ya kichaa cha mbwa nayo msiicheleweshe, kinga yake huchukua wiki 3 hadi 4 kujengeka.

Familia ipewe picha zote mbili, kadi ya chanjo na ratiba ya matembezi iliyoandikwa. Aendelee kutembea kwa kamba kwa wiki 4 nyingine, bila ngazi wala mbwa wenzake wa kurukiana. Kama wana watoto wadogo, wasimshike kiunoni wanapombeba: mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio. Na mkubaliane kabla ya kukabidhiana ni nani atalipa endapo atachechemea tena.