Injini ya Beetle: isukume kwa mkono, usiivute kwa bolti

Ukiwa na Volkswagen Beetle ya zamani, ile winchi ya kuning'iniza injini juu iache pembeni. Injini ya gari hili iko nyuma na hutolewa na kurudishwa kwa chini. Inashikwa kwenye giaboksi kwa bolti na nati nne tu, ndiyo maana mafundi wengi huidharau kazi ya kuirudisha.

Anza na sakafu. Gereji nyingi hapa Arua ni za udongo, na kwenye udongo jeki ya magurudumu haitembei, stendi nayo huzama taratibu wakati wewe umelala chini ya gari. Tandika mbao nene, ngumu. Matofali usiyatumie kabisa, yanapasuka ghafla. Inua nyuma hadi bampa iwe karibu sentimita 90 kutoka chini, la sivyo kasha la feni halitapita.

Injini uliyoitoa ikiwa bado chini, badilisha sili ya mafuta iliyo nyuma ya flaiwili (gurudumu zito linaloshika klachi) kama inavuja. Sahani ya klachi iweke katikati kabisa; shafti kuukuu ya giaboksi inatosha kuipimia, ulizia soko la vipuri la Kisekka ukifika Kampala. Shafti iliyo garini ifunike kwa mfuko wa plastiki, maana vumbi letu jekundu likiingia kwenye meno yake hutalimaliza.

Sasa ipandishe injini kwa jeki polepole, mwenzako akishika pembeni, kwa sababu ni mzigo wa kilo 100 hivi. Waya wa akseleta upitishe mapema kwenye bomba lake ndani ya kasha la feni.

Hapa ndipo pa kutulia. Tazama mwanya kati ya injini na giaboksi: juu na chini ulingane. Shafti ikigoma kuingia, tia gia ya nne, mwenzako azungushe puli ya injini kwa spana kidogo kidogo huku wewe unasukuma. Meno yakikutana utaisikia injini ikiteleza yenyewe mpaka chuma kiguse chuma, bila bolti hata moja kukazwa. Ukiona mwanya umebaki, hata mwembamba, rudi nyuma uanze tena. Anayeuziba kwa kukaza bolti kwa spana anapasua masikio ya kasha la injini (sehemu zinazopitisha bolti), na kasha hilo ni la aloi ya magnesi. Jeki nayo isishuke kabla bolti hazijashika: uzito wote utaning'inia kwenye shafti na kupinda sahani. Mwisho kaza kwa Nyutonimita 30, basi.

Gari hili lilishinda mbio za magari za East African Safari mwaka 1962, enzi mbio zilipopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Linastahili uvumilivu huo.

Mpira wa petroli weka mpya na klipu zake. Unapowasha mara ya kwanza, kizimamoto cha unga kiwe mkononi ili moto wa petroli uzimwe kabla haujafika kwenye kasha la injini. Magnesi ikishashika moto, usithubutu kuimwagia maji, yanauchochea.